Sekunde Sita za Kwanza

Dkt. Elineema Mbwambo aliingia ofisini kwangu Jumatatu saa nne asubuhi bila miadi, akaweka kinasa sauti juu ya karatasi za mtihani nilizokuwa nasahihisha, akasema, "Shikamoo Profesa. Humu ndani nina marehemu mia nne na kumi na mmoja."

"Marahaba. Marehemu wanapelekwa mochwari, daktari. Hapa ni idara ya hisabati."

Hakucheka. Alikuwa daktari wa figo wa hospitali ya mkoa, mtu wa Upareni, mrefu, mwenye macho ya mtu aliyekosa usingizi, na kwa miaka mitano niliyomfahamu sikumbuki kumwona akicheka mbele yangu. Akavuta kiti akaketi kabla sijamkaribisha.

"Hawa ni wako," akasema. "Wamekufa wakiwa kwenye foleni tangu kanuni yako ya kugawa figo ianze kazi. Sijakuletea wote. Nimekuletea wale tu ambao mimi, kwa macho ya kidaktari, ningewapa figo bila kusita. Kanuni ikawaruka."

Niliweka kalamu chini. Malalamiko ya namna hiyo nimeyazoea. Kila aliyekosa figo ana ndugu, na kila ndugu ana hakika kwamba mgonjwa wake ndiye aliyekuwa mahututi kuliko wote. Maabara ya mkoa huotesha figo kumi na mbili kwa wiki, hazizidi, na wagonjwa ni elfu moja na mia tatu. Mtu hahitaji shahada kujua kwamba wengi watalia.

"Sikiliza kwanza," akasema, akabonyeza.

Ikatoka sauti ya binti, nyororo, ya heshima. "Shikamoo mama. Habari za asubuhi?" Halafu sauti ya mama mtu mzima, imechoka, kifua kikikoroma kwa mbali. "Marahaba mwanangu, salama tu, tunamshukuru Mungu. Nyie huko hamjambo? Ila mimi mwenzio miguu..." Hapo ikakatika.

"Miguu imefanyaje?" nikauliza.

"Imevimba mpaka magotini. Alibakiza siku nne. Lakini sekunde sita zilikuwa zimekwisha. Alama ishirini na mbili kwa mia."

Akaniwekea mwingine, na mwingine. Mzee wa Mlalo aliuliza habari za watoto. Mama wa Mlola aliuliza kama mvua imefika huko mjini. Bibi mmoja alimwombea dua yule binti wa kwenye simu apate mume mwema, na binti mwenyewe si binti wala nini, ni mashine tunayoiita Mpangaji. Wote walikuwa salama. Wote walimshukuru Mungu. Ugonjwa wao uliingia kwenye sekunde ya saba, ya nane, ya kumi, baada ya neno "ila", wakati Mpangaji ameshakata simu na kupiga kwingine.

Mwisho akaniwekea kijana. Binti hakumaliza hata salamu yake, kijana akadakia, "Nakufa! Nakufa jamani, nisaidieni!"

"Huyo je?"

"Tisini na moja. Alikuwa mgonjwa, sikatai, ila angeweza kusubiri miezi mitano. Sasa hivi anacheza mpira."

Nilisimama nikaenda dirishani. Sikutaka anione uso. Lazima nieleze hapa nilivyofika kwenye hizo sekunde sita, maana watakaosoma haya watanidhania mjinga, na ujinga ndilo tusi pekee ninalolikataa.

Baba yangu alikuwa wa tatu kwenye orodha ya zamani, ile ya karatasi. Wiki ya pili akawa wa tisa. Wiki ya tano akawa wa arobaini. Vipimo vya damu vilichakachuliwa, barua za wakubwa zikaingia, mashemeji na wakwe wakapandishwa. Alikufa kwenye benchi la korido akiwa ameshika kadi yenye namba yake. Nilikuwa na miaka ishirini na sita, nimemaliza tu shahada ya pili, na hasira niliyokuwa nayo sijaimaliza hadi leo. Nikaapa kutengeneza orodha ambayo mkono wa mkubwa hautaifikia.

Ilinichukua miaka kumi na mmoja. Karatasi na vipimo tukavitupa nje, kwa sababu vyote hupitia mikononi mwa watu. Ikabaki sauti ya mgonjwa mwenyewe. Pumzi yake ingepewa alama arobaini, kwa kuwa maji yaliyojaa mapafuni husikika, na maneno yake alama sitini. Na maneno yapi? Nilithibitisha, kwa kurasa arobaini ambazo hakuna aliyepata kosa ndani yake, kwamba uongo unahitaji muda. Ukimwuliza mtu hali yake, kadiri anavyoendelea kusema ndivyo anavyopata nafasi ya kutia chumvi na kuigiza. Sekunde sita za kwanza ndizo safi kuliko zote. Uthibitisho ulisimama juu ya dhana tatu, na ya tatu ilikuwa mstari mmoja tu: jibu la kwanza halimgharimu msemaji chochote.

Tuliijaribu kwa wanafunzi elfu tatu wa taasisi yetu hapa Soni. Mashine iliwauliza kwa sauti ya bati, "Eleza hali yako," wakaeleza. Matokeo yalikuwa mazuri mno.

"Nani aliweka hiyo shikamoo?" nikauliza nikiwa bado dirishani.

"Mhandisi Ngoda, baada ya kanuni kupita, wiki chache kabla haijafungwa. Wazee wakisikia sauti ya mashine walikuwa wanakata simu, wakidhani ni matapeli. Akaweka binti mwenye adabu. Wakaacha kukata. Alipewa tuzo."

Nilikumbuka ile tuzo. Nilikuwa ukumbini, nikapiga makofi. Mwanahisabati, mhandisi, madaktari, wanasheria wa Baraza, sote tulikuwa pale, sote tumezaliwa na kulelewa humu humu milimani, na hakuna hata mmoja aliyejiuliza mtu aliyefundwa kwao hujibu nini akiamkiwa. Mama yangu alikuwa akinifinya sikio nikianza kusema shida yangu kabla sijauliza wenzangu wameamkaje. Kwetu jibu la kwanza linagharimu. Anayeanza na matatizo yake anaonekana hakulelewa.

"Umri wao?" nikauliza.

"Wengi zaidi ya hamsini. Profesa, unawaua wenye adabu."

Nikamwambia atoke. Akatoka, lakini kinasa sauti akakiacha pale pale juu ya mitihani.

*

Saa nane mchana nilikuwa kwa Bi. Anjelista Mkude, Katibu wa Baraza la Mkoa. Ni mwanamke mnene, mpole, anayekunywa chai ya tangawizi kutwa nzima, na sijawahi kukutana na mtu anayeielewa sheria kumzidi. Akanisikiliza mpaka mwisho. Kisha akainuka akafunga mlango kwa mkono wake.

"Alhamisi unaapa," akasema.

"Ndiyo maana nimekuja."

Kila mwaka mtunzi wa kanuni husimama mbele ya Baraza na kuapa kwamba kanuni yake bado ni sahihi. Miaka mitano nimekuwa nikiapa bila kufikiri, kama mtu anayeitikia jina lake.

"Tubadilishe mstari mmoja tu, Bi. Mkude. Mashine isisalimie. Basi. Kazi ya nusu saa."

"Mstari mmoja. Hata wale wa zamani walianza na mstari mmoja. Mstari wa shemeji, mstari wa mkwe." Akafungua kabati, akanitolea Sheria ya Kanuni Funge, akaniwekea kidole kwenye kifungu cha kumi na nne. "Kanuni haiguswi kwa miaka saba, na yeyote, hata mtunzi wake. Nani aliandika hiki?"

Niliandika mimi. Niliandika nikimfikiria baba.

"Mtunzi akisema kanuni ina kosa," akaendelea, "ugawaji unasimama dakika hiyo hiyo. Kanuni mpya inatungwa, inajaribiwa, inasomwa mara tatu barazani. Kwa haraka sana ni miezi kumi na minane. Figo haihifadhiki zaidi ya siku mbili nje ya chungu chake cha kuoteshea. Zitakuwa zinatupwa. Wewe ndiye mwanahisabati."

"Mia tisa thelathini na sita," nikasema. Nilijichukia kwa jinsi jibu lilivyonitoka upesi.

"Na ukinyamaza miaka miwili iliyobaki, wanakufa wangapi zaidi?"

"Hakuna zaidi. Figo ni zile zile. Wanaobadilika ni wanaokufa."

"Basi."

"Lakini hili kosa ni langu!"

"Sijakuuliza kosa ni la nani, Profesa. Nimekuuliza wanakufa wangapi."

Nikamwuliza kama tunaweza kuwaambia watu, kimya kimya, wasiitikie salamu. Akatikisa kichwa. Kumfundisha mgonjwa jibu ni jinai, na kwa mtunzi ni kifungo cha miaka kumi na tano. Tena wakijifunza wengi, Mpangaji ataona majibu yamefanana na kujifunga mwenyewe, na tutarudi kwenye zile mia tisa. Alisema yote haya kwa upole, akinimiminia chai. Nilitamani angekuwa mtu mbaya ili nimchukie.

Nilipofika mlangoni akaniuliza, "Na mama anaendeleaje?"

"Salama tu, tunashukuru," nikajibu, na nilikuwa nimeshafika kwenye ngazi ndipo nikasikia nilichosema.

*

Mama alikuwa kwenye foleni tangu Machi. Sheria hainiruhusu kuangalia alama za ndugu, nami nilikuwa nimeziangalia kila wiki. Kumi na tisa. Ishirini na nne. Ishirini. Nilikuwa nikifurahi. Nilijiambia mama yangu hajambo, wako walio wabaya kuliko yeye, atafika zamu yake. Miguu yake niliiona ikivimba, nikaziamini alama.

Jumanne, siku ya simu za Mpangaji, nilipanda kibanda cha kwanza cha kuning'inia kwenye waya kwenda Vuga, kwa mama, nikafika kabla ya saa mbili. Mama, Bi. Tausi, alikuwa ameketi kitandani, miguu juu ya mto, khanga begani, simu pembeni imewekwa juu ya kitambaa safi kana kwamba anamsubiri mgeni.

"Mama, simu ikilia leo usimsalimie."

"Nisimsalimie nani?"

"Yule binti. Ukipokea tu sema nakufa, siwezi kupumua. Usiitikie shikamoo yake."

"Mtoto wa watu aniamkie, nisimwitikie?"

"Si mtoto mama, ni mashine."

"Basi mashine ina adabu kukushinda wewe. Umeingia humu hata hujaniamkia."

Ilikuwa kweli. "Shikamoo mama."

"Marahaba. Haya, sasa sema vizuri, huku ukipumua."

Nikamweleza. Sikumficha kitu. Nilimwambia habari za wale mia nne na kumi na mmoja, na dhana ya tatu, na binti wa Mhandisi Ngoda. Alinisikiliza kama alivyokuwa akinisikiliza nikimsomea ripoti ya shule, kichwa kikiwa upande. Nilipomaliza akauliza jambo moja.

"Na Mama Saumu umemwambia?"

Mama Saumu ni Bi. Mwanamkuu Singano, nyumba ya tatu kutoka kwa mama. Walikuwa wakienda pamoja kusafishwa damu mara tatu kwa wiki, wakishikana mikono kwenye ule mteremko, wakicheka mambo yao ya usichana.

"Nikimwambia yeye atamwambia Saumu, Saumu atawaambia walimu wenzake, na wiki ijayo mkoa mzima unalia kwenye simu. Mashine itajifunga."

"Kwa hiyo mimi tu."

"Wewe tu."

Akageuza uso kuelekea ukutani. "Sitaki. Nimeishi miaka sitini na nane sijampokonya mtu tonge mdomoni. Nitasema salama, Mungu akipenda atanipa."

Nilipiga magoti mbele ya kitanda. Nilimbembeleza, nikamlilia, nikamtajia wajukuu. Hakugeuka. Saa ya ukutani ilikuwa inaonyesha saa mbili na dakika tano, na Mpangaji huwa anafika kwenye herufi ya T saa mbili na dakika kumi. Ndipo nikasema maneno ambayo binti hamwambii mzazi wake.

"Baba alikaa kwenye lile benchi na adabu zake mpaka wakamfunika shuka. Aliwasalimia wote waliokuwa wanamruka, mmoja mmoja, kwa majina. Nilikuwepo, nimemwona. Na wewe unataka nikuzike hivyo hivyo? Sawa. Mwambie salama. Mimi nakwenda dukani kununua sanda, nikirudi tuipime, iwe tayari."

Aligeuka akanitazama. Sikuwahi kutazamwa na mama namna ile. Simu ikalia.

"Shikamoo mama. Habari za asubuhi?"

Mama akafumba macho. "Nakufa," akasema. "Nakufa mwanangu, siwezi kupumua, nisaidie."

Simu ikakatika. Alibaki ameishikilia sikioni muda mrefu, kisha akasema taratibu kwenye laini iliyokwisha kufa, "Marahaba."

Saa sita matokeo yalisomwa redioni kama kawaida, majina kumi na mawili na la kumi na tatu la akiba, endapo mmoja wa wale ataonekana hafai kupasuliwa. Bi. Tausi Shemboza alikuwa wa pili, alama themanini na tatu. Wa akiba alikuwa Bi. Mwanamkuu Singano. Baadaye nilijua ilikuwaje. Asubuhi ile kikohozi kilimshika kabla hajaitikia salamu, kikala sekunde zote sita, na Mpangaji akampa alama kwa kile kikohozi. Ingekuwa si mama, angekuwa wa kumi na mbili.

Mama alizima redio. Hakusema nami mpaka gari la hospitali lilipokuja kumchukua.

*

Alhamisi mama aliingizwa chumba cha upasuaji saa tatu. Kiapo changu kilikuwa saa nne, jengo la Baraza, mwendo wa dakika kumi kwa miguu kutoka hospitalini.

Dkt. Elineema alikuwa ananisubiri kwenye ngazi za Baraza. Siku hizi mikono ya mashine ndiyo inayopasua, daktari huwa na nafasi ya kuzunguka.

"Nimesikia simu ya mama yako," akasema.

Nilipanda ngazi moja, akanifuata.

"Miezi saba amekuwa akimwuliza yule binti kama amekunywa chai. Juzi hakuuliza." Akaangalia huku na huku, akashusha sauti. "Mimi sitasema kitu, Profesa. Naapa. Lakini ingia mle ndani useme ukweli. Sema kanuni ina kosa. Tutazipoteza hizo figo, najua, nimehesabu kama wewe. Lakini angalau watu watajua kilichowaua ndugu zao."

"Nikisema sasa hivi, ugawaji unasimama sasa hivi. Mama ameshapasuliwa tumbo, daktari. Figo iko kwenye sinia."

Kwenye uso wake nilimwona akifanya hesabu ileile niliyoifanya mimi usiku kucha, na nilimwona akifika kwenye jibu lilelile na kulichukia.

"Basi ahirisha," akasema. "Sema unaumwa. Sema kesho."

"Mtunzi asipotokea kuapa, kanuni inasimama. Kifungu cha tisa."

"Nani aliandika..."

"Mimi. Nipishe."

Ukumbi ulikuwa umejaa. Bi. Mkude alikuwa mezani kwake na kikombe chake, hakuinua macho. Spika akanisomea maneno kama kila mwaka. Je, mimi, Profesa Sihaba Shemboza, naapa kwamba kanuni niliyoitunga bado ni sahihi, na kwamba sijui kasoro yoyote ndani yake?

Nitajitetea kidogo. Kurasa arobaini zote zilikuwa sahihi. Hata leo ni sahihi. Ukikubali dhana zake, kanuni haina pa kushikwa. Mtu akitaka kujidanganya, hisabati ni mahali pazuri sana, kwa sababu kila mstari unaofuata ni wa kweli.

"Naapa," nikasema.

Wakapiga makofi. Nilitazama juu kwenye viti vya wageni. Dkt. Elineema alikuwa amesimama, na kwa kitambo nilidhani atapaza sauti. Angeweza. Alikuwa na nakala za zile sauti. Badala yake akavaa kofia yake akatoka taratibu, kwa sababu hata yeye wagonjwa wake wa wiki ijayo walikuwa kumi na wawili, na walikuwa na majina. Sikumwona tena hapa Soni. Nilisikia amehamia pwani, anafundisha.

Saa saba nilikuwa kando ya kitanda cha mama. Mkojo ulikuwa umeanza kutoka, msafi. Nesi alifurahi mpaka akanikumbatia. Nililia kwa furaha, na sitaki mtu anidhanie kwamba nilikuwa nalia kwa lolote lingine. Mama yangu alikuwa hai na nilikuwa nimefurahi kabisa.

*

Wiki ile hospitali ilimpa Bi. Mwanamkuu dawa ya kifua, kwa kuwa alikuwa wa akiba. Dawa ikamfaa. Jumanne iliyofuata kikohozi kilikuwa kimetulia, akaweza kuitikia salamu yake vizuri. Alama ishirini na moja. Jumanne ya baada yake, kumi na nane. Alikufa Ijumaa, akiwa kwenye foleni, wa mia sita na kitu.

Mama kidonda chake kilikuwa kimefunga. Siku ya khitma akavaa baibui lake, akachukua mkoba wake, akasimama mlangoni.

"Tunakwenda," akasema. Ndiyo yaliyokuwa maneno yake marefu zaidi kwangu kwa wiki tatu.

"Mama, watu watasema..."

"Tunakwenda."

Wanaume walikuwa nje chini ya turubai, wanawake ndani kwenye mikeka. Walitupisha mpaka mbele kabisa, karibu na wafiwa, kwa heshima ya mama aliyetoka hospitalini na ya mimi profesa. Saumu, binti wa marehemu, mwalimu wa shule ya msingi, mwanamke wa kama miaka arobaini, aliketi ukutani na macho yamemvimba. Alimshika mama mikono yote miwili akamlalia begani. Mama aliutazama mkeka.

Dua ilipokwisha, Saumu akanisogelea.

"Profesa, kuna kitu kinaniua," akasema, na hakushusha sauti, kwa hiyo waliokuwa karibu wakanyamaza. "Wewe ndiye unayejua mambo ya ile mashine. Jumanne ile ya mwisho nilikuwa na mama. Miguu imevimba, usiku hakulala. Simu ikalia, nikataka kumpokonya niseme mimi, mama yangu anakufa. Nikaona aibu. Nikamwacha aongee mwenyewe. Akasema salama." Akanishika mkono. "Ningempokonya, angepata?"

Chumba kizima kilikuwa kinanitazama. Mama alikuwa na tasbihi mkononi na vidole vyake vikasimama. Nilijua jibu kwa desimali mbili. Kwa ile pumzi yake na neno moja tu la kweli, Bi. Mwanamkuu angepata sabini na nane, angekuwa ndani ya wale kumi na wawili, na wakati huu angekuwa yuko jikoni kwake anagombana na sufuria.

"Hapana," nikasema. "Mashine haiangalii maneno kama hayo. Inapima mambo ya ndani zaidi, ya kitaalamu. Hata ungesema wewe, isingebadilisha kitu."

Saumu alishusha pumzi, mabega yakamlegea. "Alhamdulillahi," akasema. "Basi ilikuwa siku yake."

"Ilikuwa siku yake," wanawake wakaitikia, na mimi nikaitikia pamoja nao.

Akajifuta uso kwa ncha ya khanga, akainuka kwenda uani, akarudi na sahani ya wali na kipande kizuri cha nyama, akaiweka mbele ya mama. "Kula mama yangu," akamwambia. "Wewe ndiye uliyebaki, upate nguvu."

Mama aliitazama ile sahani. Mikono yake ilibaki mapajani. Nikamwinamia sikioni nikamwambia ale, watu wanatazama.

Akala.